Kisanduku cha Kujaribia

Ofisi ya mauzo, mjini
Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua mara ya mwisho nilipokuandikia kwa kalamu ulikuwa bwenini na ulikuwa unalilia sabuni. Lakini kuanzia leo mambo ya maana nitayatia kwenye bahasha na kumpa Dereva akija huko kiwandani kuchukua magodoro. Barua pepe ya ofisi siiamini tena.

Ile seva ya Mzee kule stoo inaguna kama mgonjwa. Imezimika tena wiki iliyopita, na wateja wakaanza kuulizana kama tumefunga biashara. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba barua zote za kampuni zihamie kwa mtoa huduma mpya kabla Aprili haijaisha. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi ni huyu mtaalamu uliyeniletea, Miwani. Amekuja, amekaa kwenye kiti changu, amefuta miwani yake, kisha ameniomba neno la siri kuu, lile linalofungua visanduku vya barua pepe vya watu wote. Ameliomba kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Nikamuuliza kazi ya namna hii ameshaifanya wapi. Akajibu, bila hata kupepesa macho, "Hapo kwa Jirani."

Kwa Jirani, Kitinda. Yule yule ambaye kiwanda chake kinatazamana na chako, na tangu Mzee afariki hajaacha kutuuliza kama tumechoka na magodoro. Mtu aliyebeba barua za Jirani ndiye abebe na zetu?

Nimemwambia aniandikie kwanza ni programu zipi za kuhamishia barua, na kila moja inataka nini kwetu. Nitachagua mwenyewe. Mzee alituachia nusu kwa nusu, na nusu yangu inaanzia kwenye hilo neno la siri.

Msalimie Mama. Mwambie dawa za presha si peremende, asijipangie mwenyewe.

Dada yako


Kiwandani
Alhamisi, 7 Machi

Dada, shikamoo.

Dereva amenipa bahasha yako kwa mikono miwili kama ananikabidhi hati ya mahakama. Nimesoma nikacheka, Mama akataka kujua ninachocheka, nikamwambia umeota ndoto mbaya kuhusu kompyuta.

Miwani nilisoma naye, ni mtu mkimya hadi anachosha. Hebu fikiri hivi: amehamisha barua za Jirani zote, na mimi rafiki yake sijawahi kusikia kutoka kwake hata habari moja ya Jirani. Huoni kwamba hiyo yenyewe ni sifa? Lakini chagua wewe. Ofisi ni yako, mimi nashughulika na sponji.

Ameniambia kwamba programu yoyote lazima ijaribiwe kwanza kwa kisanduku kimoja, kile ambacho kikiharibika hakuna atakayelia. Tumieni changu. Neno la siri ni magodoromazuri, yote pamoja, herufi ndogo. Usinicheke, siku hiyo nilikuwa na haraka. Humo hamna cha kuficha, ni picha za mashine na watu wanaoniuliza bei wakati bei unazo wewe.

Mashine mpya ya kukatia inakwenda vizuri, ila haina ule mlio. Dereva bado anasimulia ile siku tunaipakia ya Mzee kwenda kuuzwa chuma chakavu, ulivyosimama mbele ya lori na mkoba wako kulizuia, kisha ukaliachia liende. Mimi naye tulikuwa tayari kuishusha, ila tuliogopa kukuambia.

Kitinda


Jumatatu, 11 Machi

Kwa Meneja wa Mauzo,

Salaam. Uliniagiza niandike, nami si mwandishi, kwa hiyo univumilie.

Nimepima programu tatu. Ya kwanza inatolewa bure na hao watoa huduma wapya. Inahamisha barua, basi. Folda, kalenda na majina ya wateja vinabaki nyuma, na watu wako wa mauzo nimeona wanaishi kwenye folda.

Ya pili ndiyo ninayoipendekeza. Inalipiwa. Inahamisha kila kitu huku ofisi ikiendelea na kazi, na mwisho inatoa ripoti ya kilichofika na kilichokwama. Hii ndiyo inayohitaji neno la siri kuu. Kazi ikiisha unalibadilisha mwenyewe, na mimi sina tena mlango wa kuingilia.

Ya tatu unaipakua na kuiendesha kwenye kompyuta yako, kisanduku kimoja kimoja, kwa neno la siri la mwenye kisanduku. Hakuna mtu wa nje anayegusa kitu. Nimeijaribu kwa kisanduku changu. Barua zilifika zote, lakini kila moja ilipigwa tarehe ya siku niliyoihamisha, badala ya siku iliyoandikwa. Ya mwaka juzi na ya jana zinakaa pamoja, na huwezi kujua ipi ni ipi. Kwa ofisi inayobishana na wateja kuhusu siku ya oda, sishauri.

Kuhusu swali lako la siku ile, ambalo niliona sikukuridhisha: ndiyo, nilihamisha barua za Jirani. Sikuzisoma. Mtu anayehamisha kabati la mwenzake hajaribu nguo zilizomo.

Wako katika kazi,
Miwani (najua ndivyo mnavyoniita)


Ofisi ya mauzo
Jumanne, 12 Machi

Kwa Mtaalamu,

Nimesoma. Mstari niliokuwa nausubiri ni ule wa Jirani, na umeuweka mwisho kabisa, mahali ambapo msomaji anatarajiwa kuwa ameshachoka. Mimi sichoki.

Programu ya kwanza umeieleza ili niikatae. Ya pili inataka ufunguo wangu. Ya tatu, ambayo haikuhitaji wewe hata kidogo, umeitafutia kasoro mpaka ukaipata. Nimekuelewa vizuri sana.

Nitatumia ya tatu. Nitaijaribu Jumamosi ofisi ikiwa tupu. Usije.

Meneja wa Mauzo


Kiwandani
Alhamisi, 14 Machi

Dada, shikamoo.

Miwani amenipigia simu. Hakulalamika, alikohoa tu, na kwake hiyo ni hotuba. Nimemwambia awe na subira, kwamba wewe hata daktari wa meno unamkagua meno kwanza.

Huku kuna kazi. Oda ya hospitali imeanza kukatwa na kava zake zinashonwa vizuri, mshonaji wetu hajarudisha hata moja. Jana Jirani alivuka barabara kuja kuazima mkanda wa mashine. Nilimpa, na chai juu, akakaa mpaka nikaanza kuangalia saa. Amekusalimia. Amesema wewe ndiye kichwa cha biashara hii, na mimi sikubisha.

Mama anaendelea vizuri, ila amegundua kwamba ukiweka redio juu ya dirisha majirani wanasikia taarifa ya habari, kwa hiyo sasa mtaa mzima tunaamka naye.

Kitinda


Ofisi ya mauzo
Jumatatu, 18 Machi

Kitinda,

Jumamosi nilijaribu ile programu kwa kisanduku chako. Kimehama.

Nina swali moja tu, na nataka unijibu kwa mwandiko wako. Kuna jambo lolote unalotaka kuniambia?

Dada yako


Kiwandani
Alhamisi, 21 Machi

Dada, shikamoo.

Umejuaje? Ni Dereva? Nilimwapisha.

Ndiyo, kuna jambo. Si la kuandika kwenye karatasi, nataka nikuambie uso kwa uso. Nimekuwa nikiliahirisha kwa sababu naogopa utakasirika, maana najua ulikuwa na mipango yako kuhusu mimi na kiwanda hiki. Mama hajui bado, tafadhali usimwambie. Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo na tutakaa chini.

Nakuomba tu usiamue kitu kabla hujanisikiliza. Wewe ukishaamua, Dada, hata lori linasimama.

Kitinda


Ofisi ya mauzo
Jumatatu, 25 Machi

Kitinda,

Usije Jumamosi. Jambo lako nalijua, na nimelijua tangu kabla hujanijibu.

Siku ile nilipomaliza kuhamisha kisanduku chako nilitaka kuhakikisha kama kutafuta kunafanya kazi. Nikaandika neno moja, Jirani. Naungama kwamba sikulichagua kwa bahati. Barua ya kwanza iliyotokea ni hii, na nainukuu ili usiseme nimeongeza chumvi:

"Niko tayari kuzungumza kuhusu kukuuzia nusu yangu. Dada hatakubali, kwa hiyo tusimwambie kwanza. Kiwanda ni kizima, ile mashine ya Mzee ya kukatia bado inakata kama mpya, na wafanyakazi wote watapenda kubaki."

Tarehe yake ni Jumamosi, 16 Machi. Siku ile ile niliyokuwa nimeketi hapa peke yangu nahamisha barua zako kwa upole, moja moja, nikiogopa nisikupotezee picha za mashine. Siku mbili tu baada ya kuniandikia kwamba amekuja kuazima mkanda. Mkanda wa mashine. Nilikaa na hilo neno mdomoni nikashindwa hata kulitema.

Hata hivyo nilikupa nafasi. Nilikuuliza. Ungesema kweli ningepanda gari siku hiyo hiyo tukagombana kama watu wa nyumba moja. Ukanijibu kwamba kuna jambo, kwamba nitakasirika, Mama hajui, nisiamue kitu. Hivyo ndivyo mtu anavyoandika anapotaka muda wa kumalizia kusaini.

Sasa nikueleze nilichofanya. Nilijipigia hesabu: nusu yako ikiwa ya Jirani, mimi na nusu yangu nitakuwa karani wake, ananiita na kunituma kwenye meza aliyoinunua Mzee. Nikaona afadhali nitoke na heshima yangu. Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Jirani mwenyewe na nikamuuzia nusu yangu. Hakuuliza hata swali moja. Alikuwa na kalamu tayari mezani, na hilo nalo limenithibitishia mengi.

Nimekulea mgongoni. Ningeweza kukusamehe kuuza. Kunizunguka ndiko nisikoweza kukusamehe.

Dada


Kiwandani
Alhamisi, 28 Machi

Dada,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa juu ya rundo la magodoro ya hospitali na kuisoma tena. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na mashine.

"Mashine ya Mzee bado inakata kama mpya." Dada, mashine ya Mzee iko wapi? Wewe ndiye uliyesimama mbele ya lori. Ilikwenda chuma chakavu miaka minne iliyopita. Ningemuuziaje Jirani Jumamosi mashine ambayo wote wawili tuliisindikiza mpaka getini?

Barua hiyo ni yangu, siikatai. Niliiandika wiki ile tuliyomzika Mzee. Nilikuwa nimechoka, madai yalikuwa yanaingia kama wageni, na nilikuwa mtoto kuliko nilivyojifanya. Ulikuwa umelala humu kiwandani kulinda mali, umejifunika koti la Mzee, juu ya godoro lenye kasoro kwa sababu hukutaka kuchafua zima. Nilikuja asubuhi kukuamsha, nikakuangalia, nikageuka nikaenda kumwandikia Jirani kwamba nimeghairi. Barua hiyo nayo imo kisandukuni. Hukuifikia. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu, na baadaye nikasahau kwamba zipo.

Ungefungua nyingine yoyote, hata ile ya Mzee ya kunikumbusha ninunue gundi, ungekuta nayo ni ya Jumamosi tarehe 16 Machi. Nimeangalia. Mzee wetu kaandika kuhusu gundi wiki mbili zilizopita.

Na jambo langu ni hili. Mimi na mshonaji wa kava tunataka kuoana. Niliogopa utakasirika kwa sababu ulishasema nisioe mpaka kiwanda kisimame. Hilo tu ndilo nililokuwa nalificha, nililiona kubwa sana, mpaka nilimwapisha Dereva.

Nimekukasirikia, Dada. Sijawahi kukuandikia neno hilo.

Kitinda


Nyumbani
Jumanne, 2 Aprili

Kwa Mtaalamu,

Nina swali la kikazi, nalo nataka jibu fupi. Kuna mtu ananiambia kwamba barua niliyoisoma kama ya mwezi uliopita ni ya miaka mingi nyuma. Inawezekana, au ni njia ya kujitetea? Na kama inawezekana, kwa nini sikuambiwa?

Najua ni rafiki yako. Nitalizingatia hilo nikisoma jibu lako.

Meneja wa Mauzo (wa zamani)


Alhamisi, 4 Aprili

Kwa Meneja,

Inawezekana. Ndivyo programu ile inavyofanya kila mara.

Uliambiwa. Ni katika barua yangu ya tarehe 11 Machi, aya iliyo juu ya ile ya Jirani. Sisemi hivi kukusuta. Mimi pia ningeiandika kwa herufi kubwa kama ningejua unatafuta kitu kingine.

Kama bado una shaka, seva ya zamani haijazimwa. Barua zenyewe zimo na tarehe zake za kweli. Nenda stoo ukaangalie mwenyewe, sitakuwepo.

Miwani


Kiwandani
Jumatatu, 29 Aprili

Dada, shikamoo.

Bahasha yako nimeipata. Nimeikung'uta, nimeichungulia, ndani ni funguo za ofisi peke yake na hakuna neno. Mlinzi wa pale ananiambia ulikwenda ukajifungia stoo na ile seva, na ulipotoka ulimpita bila kumsalimia, jambo ambalo hujawahi kulifanya. Basi nimeelewa kwamba umeona.

Nilikwenda kwa Jirani kumwomba aturudishie nusu yako. Nilimweleza kila kitu, hadi lile neno langu la siri, magodoromazuri. Alinisikiliza kwa heshima, akanipa chai, akasema pole. Hauzi. Sasa anavuka barabara kila siku, na safari hii haazimi kitu. Ameamua kuanzia mwezi ujao magodoro yawe membamba kidogo, na mimi nimebisha, na nitabisha tena kesho. Nilikuwa nimezoea kubisha tukiwa wawili.

Barua pepe zimehama. Miwani ametumia ile programu ya pili, tarehe zote zimekaa mahali pake, Mzee na gundi yake wamerudi mwaka wao. Jirani aliagiza kisanduku chako kifutwe kwa kuwa si mtu wa kampuni tena. Nilimwomba Miwani, kabla hajakifuta, azichukue barua zako zote na kuziweka kwenye kisanduku kipya kilicho chako mwenyewe, nje ya kampuni. Amefanya hivyo mbele yangu. Anwani na neno la siri viko kwenye karatasi ndogo niliyoibandika nyuma ya hii. Badilisha hilo neno leo leo.

Kilipokuwa kinahama kilikuwa wazi mezani kwangu mchana kutwa. Miwani alitoka kwenda kula akaniacha nacho. Sikufungua hata barua moja. Najua utajiuliza kama ni kweli, na kwa hilo, Dada, hakuna programu ya kukuonyesha.

Harusi ni Agosti. Mshonaji anauliza vipimo vyako vya nguo, na Mama anauliza utakuja lini. Mimi bado nimekasirika, lakini kiti chako nimekiweka.

Kitinda